Mathe na Sanduku za Gros

Shemeki yangu Mathe anatengeneza sanduku za maiti. Nalisema mbele, ili mutu asiyependa habari hiyo aache kusoma sasa. Atelier yake iko kando ya barabara hapa Butembo, ukuta kwa ukuta na nyumba yangu, na asubuhi rabot yake, ile randa ya kulainisha mbao, inaniamsha kabla ya jogoo. Alipomuoa mudogo wangu Emérence alikuwa bado anatengeneza vitanda. Tulimupa musichana tukijua kwamba angalau atalala vizuri.

Alizaliwa Kalunguta, kwa walimaji. Baba yake alimutuma Beni ajifunze kazi ya mbao kwa sababu mukono wake wa jembe ulikuwa muvivu. Alifanya vitanda miaka mingi. Kisha vita ikaanza kukimbiza watu, na mutu anayekimbia hanunui kitanda. Siku moja jirani alikufa, familia ikaja na mbao zao wenyewe, Mathe akapigilia misumari akiwa na haya. Kesho yake akaja mwingine. Hakuchagua ile kazi. Wateja walichagua.

Ni mutu wa maneno machache. Ukisimama mbele yake kidogo tu, macho yake yanakutembelea toka kichwani mpaka kwenye viatu. Hapana kwa ubaya, ni kazi. Lakini mimi nikienda kwake kuomba chumvi, ninakaa kwanza kwenye kiti.

Donc siku moja akafika Débora. Débora ni muganga wa kuhesabu. Hapigi sindano. Kazi yake ni kujua watu wanakufa wapi na wangapi, ili ugonjwa ukianza ajue kabla haujawa mwingi. Alitoka Beni, amesoma sana, na anakaa juu ya mbao bila kupangusa vumbi, kitu ambacho kilinifanya nimupende.

"Papa Mathe," akasema, "natafuta habari ya bale balikufa."

"Hapa hakuna. Kila mutu analilia wake kwao."

"Najua. Mais kila fasi naenda, wananipa kipande tu."

Akatuelezea vile vipande. Hospitali, akasema, inajua vizuri: mugonjwa ameonwa, damu imepimwa, ugonjwa una jina. Lakini hospitali inajua wale waliofika. Aliyekufia shambani, ao aliyekosa franga za pikipiki, hospitali haimujui kabisa. Bureau ya état civil ina karatasi safi zenye kachet, muhuri wa serikali. Lakini hapa kwetu mutu anaandikisha kifo akiwa na shamba la kugawa. Ukifuata zile karatasi utafikiri Butembo wanakufa matajiri tu, tena wanaume. Makanisa je? Kanisa letu linatangaza kila Jumapili, na mutangazaji anajua mpaka shangazi wa marehemu. Lakini Wakatoliki wanatangazwa kwao, na yule aliyeacha kuja ibada anakufa bila tangazo, kama adhabu. Wazuri kuliko wote ni relais, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, maana wanaingia mpaka jikoni. Lakini tangu miaka ya Ebola mutu akimuona relais anafunga mulango na kukohoa polepole.

"Na hata nikijua waliokufa," Débora akasema, "sharti nijue wale wazima ni wangapi. La sivyo sijue kama kufa kule ni kwingi ao ni kwa kawaida."

Hapo nikaingia, maana hiyo ninaijua. Wakati wa kugawa vyandarua, jirani yetu Syauswa alikuwa na nyumba imejaa: wajukuu, wageni, wengine walikuwa wamelala ndani na hakutaka kuwaamsha. Mutu wa taxe, yaani kodi, alipopita, Syauswa akawa mujane peke yake na kuku moja.

Débora akacheka. "Kweli, mama. Kwa vyandarua tuko wengi kuliko tulivyo, kwa taxe tuko wachache. Mimi naandika katikati na kuomba Mungu."

Kisha akapiga ile mbao kwa kiganja. "Mais sanduku, papa, sanduku haina sababu ya kudanganya. Mutu hanunui sanduku kwa kupenda."

Mathe alifikiri, akaona ni kweli. Mimi pia niliona ni kweli. Tulikuwa tumemusahau Mama Kavuo.

Toka siku ile, kila Jumatatu simu ya Mathe inalia. "Papa, wiki iliyopita uliuzisha sanduku ngapi? Kubwa ngapi, ndogo ngapi?" Anajibu, anarudia rabot yake. Alijibu sawasawa na alivyoulizwa, wala hakuongeza. Maana kulikuwa na zingine. Chini ya mulima wetu, kwenye vibanda vya kuchomea matofali, walifika wakimbizi kutoka upande wa Manguredjipa, watu waliokimbia mapanga na sufuria kichwani. Mutoto akifa kule, baba yake anapanda asubuhi kuomba mabaki ya mbao. Mathe hampi mabaki. Anayapigilia yeye mwenyewe, anaweka kifuniko, anasema "wasingya", asante ya kwetu, kabla yule mwingine hajapata kumushukuru, na anarudi ndani. Hakuuzisha, donc Jumatatu hakusema. Wala hakuwa anaficha. Débora aliuliza zilizouzwa.

Mwaka huu Bénite, binti yao wa kwanza, akapata muchumba wa Kirumba, mutoto wa Henri mwenye kamio, lori la mizigo. Ndoa ilipangwa, ikavunjika, kwa sababu nyanya ya muchumba alikufa. Ikapangwa tena, barabara ikafungwa kwa masasi. Henri akasema wazi, mbele ya wazee wa pande zote mbili: ikivunjika mara ya tatu, mutoto wake ataoa palepale Kirumba, kule wasichana hawajaisha. Emérence aliyasikia yale maneno akayameza. Bénite aliyasikia vilevile, akaenda kusuka nywele.

Sasa Mama Kavuo. Huyu anauzisha pagne, yaani vitenge, kwa gros, kwa jumla, na ndiye présidente wa mutuelle ya kilio ya wamama wa chorale yetu, kwaya ya kanisa. Kila mama anachanga, na kifo kikiingia kwake, mutuelle inanunua sanduku. Ni jambo zuri. Majuma mawili mbele ya ndoa, Mama Kavuo akasikia kwamba barabara ya Manguredjipa itafungwa tena na mbao zitapanda bei. Mutu mwingine angehuzunika. Mama Kavuo alinunua.

Alikuja kwa Mathe na kuagiza sanduku za kutosha chorale nzima, kipimo kimoja, bei ya jumla. Akamukataza kusema.

"Bamama bakisikia, batasema nimebapima. Unipe neno, Mathe."

Mathe akamupa neno. Alipiga rabot juma zima, Emérence akafurahi, maana ile kazi ndiyo ilileta mchele wa ndoa na sketi ya Bénite. Sanduku zikabebwa chini ya bâche, turubai kubwa, mpaka salle ya kanisa, zikapangwa nyuma ya pazia, ufunguo ukaingia kwenye kifua cha Mama Kavuo, mahali ambapo hakuna mwizi wa Butembo amewahi kufika.

Jumatatu ya juma la ndoa, simu ikalia.

"Papa Mathe, ngapi?"

"Kubwa, makumi mbili na zaidi."

Débora akafunua daftari yake, karatasi zikasikika mpaka kwenye simu.

"Wiki ingine ulisema mbili."

"Ndiyo."

"Nini inaua batu kule?"

"Mi nauzisha sanduku, docta. Yenye kuingia ndani hapana yangu."

Ilikuwa kweli, na kati ya majibu yote ya kweli alichagua lile baya kuliko yote.

Kesho yake jeep zikapanda na ndoo za klore ya kunawa. Wakuu wa Débora walisema mikusanyiko yote ya quartier, mutaa wetu wote, isimame mpaka ijulikane ni nini: soko ya jioni, ibada, kilio, ndoa. Wakapita nyumba kwa nyumba. Kila mutu akasema kwake hakuna aliyekufa. Na kadiri tulivyokana, ndivyo walivyoamini, kwa kuwa miaka ya Ebola watu walikana vilevile, na makaburi yalikuwa nyuma ya jikoni. Mimi mwenyewe nilimwambia kijana mmoja wa glavu kwamba hapa tuko wazima wote. Akaniandika kwa huruma.

Henri akapiga simu toka Kirumba. Emérence akaweka sauti juu ili Mathe asikie.

"Mbuzi ziko tayari, zinapanda kamio Ijumaa. Nasikia kwenu munakufa."

"Hatufi, papa Henri."

"Sanduku zinasema munakufa."

"Ni kosa, itasafishwa."

"Basi isafishwe mbele ya Ijumaa. Nilishasema habari ya mara ya tatu, sirudie."

Alipokata, Emérence aligeukia bwana yake. "Ambia docta fasi zilienda."

"Nilipatia Mama Kavuo neno."

"Na Bénite ulimupatia nini?"

Mathe akakata fufu, akaiangalia, hakuila. Bénite alikuwa pale anachagua maharagi. Kucha zake zilikuwa zimeshapakwa rangi.

Donc nikaenda mimi, maana hakuna mutu aliyeniomba neno. Nilimukuta Mama Kavuo dukani amekaa katikati ya pagne zake, bila muteja, kwa kuwa soko ilikuwa imezimwa.

"Mama Kavuo, sanduku zako zinafunga ndoa ya mutoto wetu."

"Sanduku gani?"

"Zile unalalaka na ufunguo wake."

Akavuta pumzi. "Mathe alisema?"

"Mathe angesema, ningekuja huku kufanya nini? Niliona bâche inapita. Butembo nzima iliona, ni kufikiri tu ndiko kulikosekana."

"Bamama ba chorale batanitoa ku présidence."

"Na usiposema, hii soko itafunguliwa mwaka gani? Utauzishia nani?"

Hapo akatafuta viatu.

Tuliomba Débora aje peke yake. Alikuja peke yake. Lakini ukifungua kufuli moja hapa kwetu, watu wanasikia mpaka bondeni, na tulipofika mbele ya pazia nusu ya chorale ilikuwa imeshaingia, ikisimama mbali mbali kwa sababu ya amri. Mama Kavuo akavuta pazia. Sanduku zilikuwa zimepangwa safi, zinang'aa kwa vernis. Kisha Kanyere, ambaye ni murefu kuliko wote na anaimba alto, akasogea.

"Hii mi siingie. Miguu itabaki inje."

"Hapana ya mutu," Mama Kavuo akasema. "Ni ya sisi bote."

"Kufa, bon, sisi bote tutakufa. Mais kulala mu kipimo yako we, Mama Kavuo, hapana."

"Na yangu ni ipi?" mwingine akauliza toka nyuma.

"Nilisema hapana ya mutu."

"Basi mbona hii iko na mikono mizuri kuliko ile?"

Mathe akasema kwa upole kwamba ya Kanyere anaweza kuongeza, akataja urefu, bila kupima. Kanyere akajifunika pagne mpaka shingoni.

Wakati ule wote Débora alikuwa anafungua vifuniko. Alifungua kimoja kimoja mpaka cha mwisho, akaangalia ndani ya kila moja kama mutu anayetafuta sukari. Akainuka.

"Donc hakuna aliyekufa."

"Bado," Mama Kavuo akasema.

Débora akaanza kucheka, akashika ukuta. Akapigia wakuu wake: alerte ya uongo, zilinunuliwa na watu wazima wenye afya, kwa gros. Alirudia lile neno gros mara nyingi, wale wa upande mwingine hawakuelewa, labda hawakuwa watu wa Butembo. Mwisho wakakubali. Mikusanyiko itafunguliwa. Emérence alikuwa ameshatoa simu. "Papa Henri, mbuzi zipande!" Nilimuona Bénite kwenye mulango wa salle, amefunika uso na viganja, kucha nje.

Na Mathe akasema: "Docta, ngoja."

"Nini tena, papa?"

"We unaniulizaka zenye nauzisha."

"Ndiyo."

"Kuko zenye napanaka bure."

"Mathe," Emérence akasema, chini chini. Kwenye simu tulisikia Henri anaita allô, allô. Mathe akamuangalia bibi yake. Akaangalia mulango, akaangalia vidole vyake.

"Ndogo ndogo. Za batoto ba kule ku matofali. Bidole ya mukono moja ilishaisha, niko ku mukono ya pili."

"Balikuwa na nini?"

"Sijue. Mama moja alisema macho mekundu, na bipele mwili muzima."

Débora hakucheka tena. Akauliza tangu lini, Mathe akamwambia. Akauliza kwa nini relais hakusema, na kabla hatujajibu akajijibu mwenyewe: wale wa matofali si wa quartier yetu, wala si wa quartier ya chini, hakuna relais aliyepewa kwenda kule. Akachukua simu tena na kuwaambia wakuu wake kwamba alerte ni ya kweli, mais si ile.

Mutu mwingine angengoja. Jumatatu simu ingelia yenyewe, ndoa ikiwa imepita, na hakuna mutu duniani angeweza kumulaumu. Emérence alimwambia hivyo njia nzima tukirudi. Mathe akajibu mara moja tu: "Jumatatu ni mbali, ku mutoto mwenye homa." Hakuongeza, hata alipofika nyumbani na kukuta mulango wa chumba umefungwa kwa ndani.

Sampuli zilichukuliwa zikaenda maabara ya Beni. Mikusanyiko ikabaki imefungwa. Henri, yeye, alikuwa amesikia nusu ya kwanza ya ile simu, nusu ya pili akaikosa, donc Ijumaa kamio ikaingia na mbuzi, tarumbeta, na wajukuu wake wamejaa nyuma. Débora alikuwa barabarani. Akasimama mbele ya kamio.

"Papa, hawa batoto balichanjwa surua?"

"Kadi ziko Kirumba."

"Surua inapendaka sana batoto benye kadi iko Kirumba. Leo balale hapa na ba kwetu kitanda kimoja, kisha Jumapili urudishe bote kwako na zawadi."

Henri aliangalia wajukuu, akaangalia nyumba yetu, akaangalia bonde lenye moshi wa matofali. Akageuza kamio. Mbuzi aliziacha, kwa kuwa zingine zilikuwa zimeshachinjwa kule Kirumba na zingine zilikuwa zimeshajua. Kwa Bénite hakusema neno, wala zuri wala baya. Tulikula ile nyama bila kukusanyika: sahani ilipita nyumba kwa nyumba, kila mutu akatafuna mulangoni kwake na kusalimia jirani kwa mufupa.

Majibu yakaja: surua. Chanjo ikaletwa, ikahesabiwa kwa watu wanaojulikana, na wale wa matofali walikuwa hawajulikani, kwa hiyo iliisha mbele ya saa sita, mustari ukiwa bado murefu. Débora alipiga kelele kwenye simu mpaka ikaja ingine. Katikati ya chanjo ile na hii watoto wengine walikufa. Mathe aliwatengenezea, na mara hii alisema siku ileile. Kisha wazazi wakaacha kupanda.

Siku hizi Jumatatu Débora anauliza hivi: zilizouzwa, zilizotolewa bure, na zilizonunuliwa na watu ambao wangali wanaimba. Mathe anajibu yote matatu. Débora alituambia kwamba aliandika ripoti juu ya uzuri na ubaya wa kuhesabu kwa sanduku, na kwamba sehemu ya ubaya ilijaa Mama Kavuo. Mama Kavuo alifurahi. Bado ni présidente.

Bénite alikaa muda ule wote bila kuongea na baba yake. Anamuwekea sahani, anaenda. Mathe anakula, anasema asante kwa ukuta.

Toka Kirumba hatukusikia kitu. Emérence alikuwa ameshaanza kukunja sketi ya ndoa ili aiuzishe, wakati kamio ya Henri ilisimama mbele ya atelier, siku ya Alhamisi, siku ambayo hakuna Mukristo anaolea. Alishuka na muchumba, na bibi yake, na mbuzi moja.

"Zile mulikula zilioa kabla yetu," akasema.

Kisha akasimama mbele ya Mathe, akaangaliwa toka kichwani mpaka kwenye viatu, akavumilia. "Kwetu nayo ilifika, ile surua," akasema. "Ku jirani. Kwangu haikuingia. Nilibachanja ile wiki." Hakusema zaidi, na habari ya mara ya tatu hakuitaja.

Mchungaji alilalamika juu ya Alhamisi, akawaozesha. Chorale iliimba vizuri, Kanyere zaidi.

Jioni, Bénite akapanda kamio kukaa kando ya bwana yake. Mathe alikuwa chini, ameshika mulango wa cabine, hajui kama aufunge. Mimi nilikuwa nyuma yake na kikapu cha ndizi.

"Papa," Bénite akasema. Lilikuwa neno la kwanza. "Ungeweza kunyamaza mpaka Jumatatu."

"Ndiyo."

"Ungeweza kabisa?"

"Ningeweza."

Henri akawasha motere.

"Ukuje Kirumba," Bénite akamwambia baba yake. "Banasema chumba chenye tutalala hakina kitanda, kiko na mukeka. Ukuje na misumari yako. Na usinipime, mi nitakuambia urefu."